Desa, Mpagazi Asiyetua Mzigo

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kila mmoja frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na historia imewasifu. Reli ilipofika hapa Tabora mwaka 1912 wakatua mizigo yao. Yupo mpagazi mmoja ambaye hajatua hadi leo, wala hajapata wa kumsifu. Namzungumzia desa: kurasa nane za fotokopi zilizobanwa kwa pini yenye kutu, zinazotoka kwa mwanafunzi wa mwaka jana kwenda kwa wa mwaka huu kupitia steshenari. Leo namsifu, maana kumkataza nimeshindwa.

Sifa ndogondogo nazitaja nikipita. Ni wa bei poa. Ni mkarimu, habagui aliyehudhuria darasani na asiyemjua mwalimu wake kwa sura. Ni mpole: mkunje mara nne, ataingia kwenye soksi siku ya mtihani bila kunung'unika.

Sifa yake kuu ni uaminifu. Desa hapotezi mzigo. Kwenye kurasa zile imeandikwa kwamba Mtemi Mirambo alifariki mwaka 1848. Alifariki 1884, mtu fulani aligeuza tarakimu mbili za mwisho. Mpagazi mwenye damu na nyama angeugua njiani, angetoroka usiku, angalau angedondosha kitu akivuka mto. Desa, thubutu! Miaka sita mfululizo Mirambo ananifia mwaka 1848, halafu ukurasa unaofuata, mwaka 1871, anawatandika Waarabu wa Unyanyembe. Yaani mtemi anapigana vita vikubwa vya maisha yake akiwa na miaka 23 kaburini, na mwaka huu wanafunzi 61 wameandika hivyohivyo, na mkato uleule mahali palepale pasipohitaji mkato, asishtuke hata mmoja. Msafiri Mzungu Stanley alijiunga na Waarabu katika vita hivyo na mbio akazionja. Sidhani kama alikimbizwa na mzuka.

Uaminifu wa kiasi hicho ukanifanya nitafute asili yake. Mwingereza Speke alitoka hapa, enzi hizo Kazeh, mwaka 1858, akaenda kaskazini, akaliona ziwa la Nyanza na kutangaza kwamba amepata chanzo cha Nile. Mimi sikwenda mbali. Nilianzia steshenari iliyo karibu na chuo. Dada wa kompyuta akanifungulia faili. Faili lilichapwa kutoka kwenye fotokopi, fotokopi ilitoka kwenye nyingine iliyofifia, na ile iliyofifia, aliyoichimbua chini ya meza, ilikuwa na maneno ya kalamu pembeni. Mwandiko wangu. Ni notsi nilizogawa mwaka wangu wa kwanza kufundisha.

Na swali? Ni lilelile tangu mwaka huo, athari za biashara ya misafara katika Unyamwezi. Mwaka mmoja naandika "jadili", mwaka mwingine "tathmini", najiona nimetunga mtihani mpya. Notsi zenyewe nilizitoa kitabuni, habari za misafara kitabu kilizitoa kwa Burton, mwenzake Speke safarini, na Burton mengi aliyapata hapahapa Kazeh mwaka 1857, barazani kwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Angalau Burton alimtaja.

Ukutani kwetu kuna Kanuni za Uadilifu wa Kitaaluma, kumi na mbili, ndani ya plastiki. Ya tano inakataza vikali kutumia kazi ya mwingine bila kumtaja. Ya tisa inamtaka mkosaji afikishwe mbele ya baraza la chuo, na chuo kinachotajwa hapo si chetu. Walionakili walisahau kufuta jina. Nimelisema kikaoni mara mbili. Likaingia kwenye muhtasari mara mbili, na muhtasari wa pili ulikuwa ni ule wa kwanza uliobadilishwa tarehe. Halafu hao hao, mimi nikiwemo, tunakaa meza ndefu yenye maji ya chupa na kumsimamisha mtoto wa watu muhula mzima kwa sababu ya aya mbili! Mama yake ameuza mahindi kulipa ada.

Basi mwaka huu nikamwita kijana mmoja wa upande wa Kwihara, nikamuuliza wazee wake walifanya kazi gani. Akaanza taratibu, Kiswahili na Kinyamwezi vikipokezana. Babu wa babu yake alishuka pwani mara tatu. Kabla ya safari ya kwanza hakuna aliyemhesabu kuwa mwanamume. Akajigusa bega kunionyesha sugu ya mti wa mzigo ilipokuwa, kama alivyoonyeshwa nyumbani.

"Andika hayo," nikamwambia.

"Kwa Kiingereza, mwalimu?"

"Ndiyo kanuni."

"Na kwenye rejea niweke nini? Babu hana kitabu."

Nikamwambia tutaona. Alhamisi akaleta kazi, kurasa nane, pini mpya inang'aa. Nikafungua ukurasa wa pili. Mirambo alikuwa amefariki 1848, salama salimini.