Namna ya Kutembeza Ukoo Mzima Kakamega Bila Kuvunja Udugu

Kwanza kabisa, mnyang'anyeni shemeji ufunguo wa gari. Kila ukoo una shemeji mmoja mwenye haraka. Anapiga honi langoni saa kumi alfajiri, senge, yaani shangazi, akiwa bado anachemsha maji ya kuoga, na tayari ameamua kwamba kabla jua halijazama familia itakuwa imeona Msitu wa Kakamega, Jiwe Linalolia, kaburi la mfalme Nabongo Mumia, ziwa kule Kisumu, na mstari wa Ikweta pale Maseno ili apigwe picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Ni mtu mwema, na mara nyingi ndiye analipa mafuta. Lakini mkimwachia ratiba, watoto watarudi Nairobi wakikumbuka kisogo chake tu.

Kanuni yangu ni hii: mahali pamoja asubuhi, pamoja alasiri ikiwa mvua imeruhusu, basi. Anayetaka zaidi aongeze siku, asiongeze mwendo.

Na kabla hujaniambia kwamba Kakamega ni nyumbani tu, si mahali pa kutalii, hebu tuongee kama watu wa boma moja. Kila Desemba watu wanasafiri karibu kilomita 370 kutoka Nairobi hadi huku. Wanahudhuria harusi mbili na matanga matatu, wanakula kuku, wanagombania mpaka wa shamba, wanarudi. Watoto wao wanajua kutoka kwenye simu jinsi watu wanavyovuka njia panda ya Shibuya kule Tokyo, lakini hawajawahi kumwona mbega akiruka kutoka mti hadi mti. Mtoto wa Tokyo hupandishwa treni Shinjuku, na baada ya saa moja hivi yuko chini ya Mlima Takao, msituni, na wazazi wake. Tangu mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani imekuwa ikiwahimiza raia waingie msituni watembee polepole kwa ajili ya afya zao. Wajapani wanapanga safari kwa jambo hilo. Wewe unaambiwa kuna msitu wa mvua kwa nauli ya matatu kutoka kwa kukhu, bibi yako, unasema utaenda mwaka ujao. Hilo linaniudhi, na sitalisema kwa upole.

Msitu wenyewe ni masalio ya ule msitu mkubwa uliotandaa zamani kutoka bonde la Kongo kupitia Uganda hadi huku kwetu. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 240, ingawa si kote kuna miti ya asili tena. Kenya haina mwingine wa aina hii.

Milango mikuu ni miwili, na hapa ndipo ndugu huanza kununiana. Kaskazini ni Buyangu, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1985 na kukabidhiwa KWS, shirika la wanyamapori. Unafuata barabara ya kwenda Webuye kisha unakata kulia. Kusini ni Isecheno, chini ya KFS, shirika la misitu, nako unapitia Khayega na Shinyalu. Msijaribu yote miwili siku moja. Mkiwa na watoto wadogo, au na kukhu ambaye magoti yamemchosha, nendeni Isecheno kwenye njia tambarare na miti mikubwa. Mkiwa na vijana wanaosema hawachoki, wapelekeni Buyangu, wapande kilima cha hapo hadi wauone msitu wote umelala chini yao, kisha washuke hadi maporomoko ya mto Isiukhu. Jioni hawatasema tena. Ada ya Buyangu lipieni kwa eCitizen kabla ya kuondoka nyumbani, mkiwa na intaneti, maana langoni hakuna karani wa kuhesabu noti huku watu tisa wakitafuta nani ana chenji.

Chukueni mwongozaji. Shemeji atapinga. Atasema amezaliwa Shinyalu, alichunga ng'ombe humo, njia zote anazijua. Mjibuni kwa heshima kwamba ng'ombe hawakumfundisha majina ya ndege, na ndege wa msitu huu wanapita aina 300. Waongozaji wengi wamekulia vijiji vya kandokando. Anasimama katikati ya njia, anainua mkono, ninyi hamjasikia kitu. Anawaonyesha shorobo mkubwa, ndege wa buluu mwenye mdomo wa manjano na nyekundu, akikimbia juu ya tawi. Peke yenu mngempita mkibishana juu ya nani aliacha chupa ya maji garini.

Kisha kaeni chini ya mti wenye mbega. Nasema kaeni, matako ardhini, msisimame kama watu wanaongoja matatu. Mbega mzima ni mweusi, na joho la manyoya meupe linamning'inia ubavuni hadi mkiani. Tazameni mkono wake: kidole gumba hakipo, kimebaki kinundu tu, naye hushika matawi kwa vidole vinne vilivyopinda. Mkibahatika mtaona kichanga kifuani mwa mama yake, cheupe pepepe, kwa sababu mbega huzaliwa mweupe na rangi nyeusi huja baadaye. Waachieni watoto waulize kwa nini. Mtoto mmoja atauliza kama wamembadilisha hospitalini. Mwongozaji ameshalisikia swali hilo, na atalijibu bila kucheka.

Mandazi yabaki kwenye kikapu. Tumbo la mbega limegawanyika vyumba vyumba kwa ajili ya kuchachusha majani. Andazi lako la sukari ni ugonjwa kwake. Na kima akishazoea kulishwa, kesho atakuwa jikoni kwa mama fulani wa Isecheno akipekua sufuria, na mama huyo hakuwaalika ninyi wala yeye.

Spika nayo ibaki nyumbani. Najua kijana wenu amenunua mpya na inasikika hadi Lurambi. Lakini hondohondo akipita juu ya msitu huu mabawa yake yanavuma hata usipomwona unamsikia, na hiyo ndiyo sauti mliyolipia. Profesa Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia amekuwa akiwachunguza kima wa Isecheno tangu mwaka 1979. Kama msomi amewatazama miaka yote hiyo na bado anarudi, familia yako inaweza kuwatazama nusu saa, simu zikiwa mfukoni.

Tokeni mapema. Mvua ya Kakamega haiombi ruhusa: asubuhi jua kali, saa nane wingu, saa tisa radi. Eneo hili hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu yake itawanyeshea ninyi. Viatu vya harusi viacheni kwa kukhu. Shangazi anayesisitiza kuvaa vya visigino apewe gambuti kwa upendo, na picha apigwe kuanzia magotini kwenda juu.

Mkitoka, wauzaji watawaletea mkombero, mzizi wa kutafuna wenye harufu ya vanila, na wajomba watatazamana na kucheka kwa sababu wanazozijua. Nunueni, ila muulize umechimbwa wapi. Wapo wakulima wanaoupanda mashambani, na hao ndio wa kuungwa mkono, kwa kuwa ule wa msituni huchimbwa hadi mmea unakufa. Ulizieni pia dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Imetokana na mmea unaolimwa na kikundi cha Muliru, wakulima wa pembeni mwa msitu waliopata tuzo ya Equator Prize mwaka 2010. Ni zawadi bora kwa mzee mwenye mgongo kuliko kikombe kilichoandikwa jina la mji.

Jumamosi ni ya fahali. Watu wa Isukha na Idakho hupambanisha fahali kwa fahali, hakuna mtu mwenye upanga wala kitambaa chekundu, na anayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa. Nendeni Khayega au Malinya asubuhi na mapema. Utasikia kabla ya kuona: ngoma za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, pembe, filimbi, halafu kundi la vijana wenye matawi mikononi wanakuja mbio na fahali katikati. Hapa pana kosa moja ambalo familia za mjini hulifanya, nalo si la kuchekesha. Husogea mbele ili video itoke safi. Fahali aliyeshindwa hachagui njia ya kukimbilia. Watoto wawekwe nyuma, mahali pa juu, kila mmoja na mtu mzima wake aliyetajwa kwa jina, na mtu huyo asiwe yule anayeshika simu.

Isukuti yenyewe UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wanaoijua wengi ni wazee na warithi wamekuwa wachache. Kwa hiyo kijana wako akiomba kushika ile ngoma ndogo, usimwambie atachafua shati.

Jiwe Linalolia la Ilesi halihitaji siku nzima. Liko kando ya barabara ya Kisumu, nje kidogo ya mji, mwamba mrefu wa karibu mita 40 wenye jiwe jingine limekaa juu kama kichwa, na maji yakishuka kifuani. Kila ukoo una hadithi yake ya msichana aliyelia. Mwacheni mzee wenu asimulie ya kwenu, hata kama mwongozaji ana nyingine. Pale Ilesi kuna wafinyanzi, na chungu cha Ilesi kikifungwa vizuri kwenye leso kinafika Nairobi kizima. Msishindane bei na mama aliyechimba udongo, akakanda, akachoma, mkitaka punguzo la shilingi hamsini.

Kuhusu dhahabu, semeni ukweli mbele ya watoto. Mwaka 1931 habari za dhahabu zilileta wazungu Kakamega kwa mamia. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria ya ardhi ili mwenyeji aweze kuondolewa shambani kwa ajili ya mgodi bila kupewa shamba jingine badala yake. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini huko Ikolomani watu bado wanachimba kwa mikono yao. Onyesheni mahali, elezeni, msiingie shimoni. Mashimo hayo huua.

Mumias iwe siku nyingine, hasa kwenu wasomaji mlio na asili ya pwani. Misafara ya biashara ya pembe ilifika kwa Nabongo ikiwa na Kiswahili na Uislamu, na vyote viwili vilibaki. Mji huo ndio ulikuwa makao ya serikali ya eneo hili hadi yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920.

Sasa chakula, mahali ambapo safari nzuri huharibikia. Kuku mmoja ana firigisi moja, na kwa desturi firigisi ni ya mwenye boma. Mkiwa na wazee watatu mezani, nunueni kuku watatu. Msianzishe hoja ya kuikata vipande. Ugali wa wimbi, mrenda, saga na kunde viagizwe kabla ya kuingia msituni, maana mboga hizi haziharakishwi, na watoto wanaosema hawali mrenda wasibembelezwe. Wakishatembea saa tatu watakula.

Nina ombi moja kwenu mnaokuja Desemba, kutoka Nairobi, Mombasa, Doha au popote riziki ilipowapeleka. Siku mliyopanga kwenda msituni, mwulizeni kukhu kama amewahi kuingia kutazama tu, siyo kutafuta kuni wala dawa. Wengi wa umri wake walikatazwa, au walikwenda kwa kazi peke yake. Mlipieni ada, mpeni kiti cha mbele, na mwongozaji mlipeni siku nzima hata kama kukhu ataomba kurudi saa nne.