Kunguru Milioni na Kanzu Yangu

Wanaume wa rika langu hapa Mji wa Kale, Mombasa, jioni hukaa barazani wakanywa kahawa chungu na kuwateta wanasiasa. Mimi jioni nakata kadibodi. Ujana wangu wote niliumalizia melini, nikaoa watu wakiwa washakata tamaa na mimi, na mtoto akaja nikiwa na miaka 50. Sasa yuko Gredi ya 4. Mimi nina 60, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu.

Ya langoni mwa shule nishayazoea. "Babu, mjukuu anakuja," bawabu huniambia. Siku niliyomjibu kwamba si mjukuu, ni binti yangu wa kumzaa, alisema "Mashaallah" kwa ile sauti watu wanayotolea pole.

Balaa yenyewe ni masomo. Nilifanya mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi mwaka 1978: Kiingereza, Hisabati na karatasi ya maarifa, basi. Wenzangu waliooa mapema walihangaika na KCPE. Mtihani huo umezaliwa 1985, mimi shule nishaiacha. Ukazikwa 2023, wangu hajaufikia. Umenipita kama meli ya makasha ipitavyo Likoni, nimesimama ufuoni natazama. Kwa hiyo nikiomba ushauri barazani, wazee hunipa wa mtihani wa marehemu. Na baba yangu, Mungu amrehemu, yeye masomo yangu aliyashughulikia kwa kulipa karo na kusoma ripoti, ripoti mkono huu, bakora mkono huu. Gundi hakuwahi kuishika.

Siku hizi mtaala wa umilisi wataka mzazi ashiriki. Haya, nishiriki saa ngapi? Mtoto akitoka shule anywa chai, aenda chuoni kusoma Kurani, arudi Maghribi, ala, na nikisharudi kuswali Isha ndipo akumbuke.

"Baba, mwalimu asema tutengeneze sanamu ya kutisha ndege shambani."

"Lini?"

"Kesho."

Shambani! Sisi twakaa Kibokoni. Vichochoro vyetu ukinyoosha mikono wagusa nyumba mbili. Udongo tulio nao ni wa chungu cha mrehani wa mke wangu, na huo mrehani hunyweshwa maji ya kununua, ya mtungi, yaliyoletwa na mkokoteni. Nilimtazama mamake mtoto anisaidie. Akasema, "Si wewe uliyekuwa ukitaka mtoto?"

Sanamu hizi zina historia yake. Mwaka 2021 wazazi nchi nzima walikuwa wakipigana picha nazo, wengine wakicheka, wengine wakilia. Mwaka huohuo mzazi mmoja ambaye pia ni wakili, Esther Ang'awa, alikwenda Mahakama Kuu kuupinga mtaala wenyewe. Mimi sina cha kumlipa wakili. Nina kanzu kuukuu.

Basi nikachukua mpini wa ufagio, kanzu nikaijaza makumbi ya nazi, juu nikaivika kofia yangu ya vito iliyoanza kufumuka. Mtoto alishika mkasi kidogo, akaimba kidogo, akalala. Nikabaki mimi na sindano nisiyoliona tundu lake. Alfajiri sanamu nikaipandisha darini, kwani mwalimu ataka picha.

Sasa, ndege wa hapa ni kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu ambao asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote, na Mombasa wamepapenda kuliko sisi. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja kwa sumu. Milioni! Serikali nzima imeona hawa bila sumu hawaendeki, mimi nikapewa kazi ya kuwatisha kwa kanzu. Walikuja wakaitazama, wakaizunguka, mmoja akatua juu ya kofia na kuanza kuuchomoa uzi.

Aliyetishika ni jirani. Maghribi ile aliitolea sanamu salamu kutoka kichochoroni, haikumjibu, akaenda kusema barazani kwamba tangu mtoto wangu aingie Gredi ya 4 nimekuwa na kiburi.

Sikatai mtoto kufanya kazi kwa mikono, bora iwe mikono yake, na kazi iwe ya mahali anapokaa. Ngomeni ni hapo, Wareno walianza kuijenga 1593; wapelekwe wakapime unene wa kuta, hesabu watajifunza humo. Waende Marikiti wajue bizari kwa kunusa. Waulizwe milango ya kuchongwa ya mtaani kwao. Au waambiwe wamtafute mzee awafundishe mafundo ya kamba. Hapo ndipo nitakapowapiku hawa akina baba wa miaka thelathini wanaokimbia ngazi mbilimbili, maana mafundo yote ya melini ninayo, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hata moja.

Ijumaa karatasi ilirudi. Mwalimu ameandika: "Anakaribia matarajio." Binti alilala saa tatu usiku, sanamu ikiwa haina hata mkono mmoja. Kwa hiyo alama hiyo ni yangu, na naipinga.