Mzee Mkaguzi Atafuta Kona

Siku ya kuagwa walimpa saa ya ukutani, doti ya kanga ya kumpelekea mkewe, na hotuba tatu ndefu. Alikuwa amekagua hesabu za watu kwa miaka 33. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, lakini yeye alikaa hadi ile ya lazima, 60 kamili, maana mkaguzi haachi faili katikati. Mshereheshaji akamuuliza sasa atafanya nini. Watu walitarajia kuku wa mayai, au shamba la mihogo Mkuranga. Akajibu: useremala. Ukumbi mzima ukaangua kicheko na kumpigia makofi kwa utani mzuri.

Haukuwa utani. Mafao yalipoingia alinunua randa ya chuma, misumeno miwili, patasi nne, jiliwa na keekee ya umeme, akafungua karakana kwenye baraza ya nyumba yake. Karakana hiyo iliishi siku kumi na mbili. Maranda yaliingia kwenye maharage. Unga wa mbao ulitua juu ya mashuka ya jirani, muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye mchana huwa ndio usiku wake, na ambaye alikuja kuuliza kwa sauti ya upole inayotisha kama keekee hiyo ina swichi ya kuzimia. Mwisho mkewe akaketi naye.

"Mzee wangu, kazini ulikuwa unatoka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Basi tafuta mahali pa kukaa hadi saa tisa na nusu."

Australia tatizo hili limepatiwa jina na paa. Mwaka 1998, katika mji mdogo wa Tongala, jimbo la Victoria, lilifunguliwa banda la ufundi kwa ajili ya wanaume, wastaafu wakiwemo, waende wakapige randa na kupiga soga, na leo nchi hiyo ina mabanda ya namna hiyo zaidi ya 1,000. Dar es Salaam hatuna banda la wastaafu. Tuna Keko.

Asiyeijua Keko aulize kitanda chake kilikotoka. Ni mtaa wa Temeke ambako sofa zisizovishwa kitambaa hukaa barabarani kama mifupa, na ambako harufu ya vanishi hukupokea kabla ya fundi. Mzee alishuka kwenye daladala saa tatu asubuhi, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Kila banda alilosimama aliamkiwa na kuulizwa anataka kutengenezewa nini.

"Sitaki kutengenezewa. Nataka nafasi nitengeneze mwenyewe."

Hapo sura zilibadilika. Banda la kwanza walidhani ni mtu wa kodi, na ghafla ikawa mwenye banda amesafiri. La pili wakadhani ni mmiliki mpya wa kiwanja aliyekuja kuwapima kabla ya kuwafukuza. La tatu walimhurumia: wakamletea kigoda na maji, wakamuuliza kama watoto wake wanajua yuko wapi. Kusema kweli, kalamu mbili zile zilimponza.

Banda la sita lilikuwa na mafundi watano, mashine moja ya kuranda, mita moja ya LUKU, na pembeni kabisa, karibu na rundo la maranda, kona tupu ya futi sita kwa nane. Kiongozi wao alikuwa kijana wa miaka 29. Alisikiliza, akamtazama mzee viatu, akataja kodi ya mwezi. Mzee akaomba risiti. Banda zima likacheka, na jina likapatikana palepale: Mzee Mkaguzi.

Alichogundua wiki ya kwanza ni kwamba banda la pamoja lina ngazi zake za vyeo, na kwamba heshima na cheo ni vitu viwili tofauti. Kwa umri alikuwa wa kwanza. Kwa kazi alikuwa chini ya kijana wa kufagia. Ndiyo maana kila aliyemsahihisha alianza na salamu. "Shikamoo mzee. Hiyo mbao unairanda kinyume cha nyuzi." "Shikamoo mzee. Patasi siyo bisibisi." Kuna siku aliamkiwa mara kumi na nne kabla ya saa sita, na kila marahaba ilikuwa chungu kuliko iliyotangulia.

Alijaribu kurudisha hadhi kwa elimu. Aliwaeleza kwamba tangu mwaka 1995 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, umeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, akagawa barakoa. Walishukuru sana. Kesho yake zilikuwa zimechujia gundi.

Kisha ikaja habari ya LUKU.

Uniti zilikuwa zinaisha kabla ya wiki kuisha, na kila mara lawama ilimwangukia kijana mmoja aliyekuwa akichaji simu za bodaboda, nne au tano kwa wakati mmoja. Mkaguzi alipoona watu wanahukumu bila vitabu, damu ilimchemka. Alinunua daftari, akachora safu, akalifunga kwa kamba kwenye nguzo: jina, mashine, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Akaeleza hesabu. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Chaja ya simu ya wati 10 inahitaji saa 100 kuila uniti hiyo. Mashine ya kuranda ilikuwa ya kilowati 2.2, ikiunguruma nusu saa imekula uniti 1.1, yaani imekunywa umeme wa chaja hiyo kwa saa 110. Mafundi waliguna. Kijana wa simu alitazama juu kama aliyeachiwa huru na mahakama.

Baada ya wiki mbili taarifa ya ukaguzi ilisomwa wakati wa chai. Simu zilikuwa karibu na bure. Mafundi wanne walikuwa wamekaribiana. Aliyewapita wote kwa mbali alikuwa mtu mmoja aliyekuwa na mazoea ya kupitisha ubao mmoja kwenye mashine mara kumi na moja, akitafuta unyoofu wa rula, hadi ubao uliokuwa na unene wa inchi moja na nusu ukatoka nao ukiwa rula. Jina lake liliandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko yote daftarini. Hakuna aliyesema neno. Mama ntilie alimwongezea andazi.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa meza ya sebuleni kwa binti yake, mtumishi wa wizara aliyehamia Dodoma na ofisi yake. Alinunua mbao tatu za msonobari, moja kwa nane, zilizoshushwa kwenye lori la kutoka Mufindi siku hiyohiyo. Zilikuwa mbichi kiasi cha kumlowesha bega alipozibeba. Kijana kiongozi alizigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Shikamoo mzee. Hizi bado zinakunywa maji. Zipange, ziwekee vijiti katikati, zipumzike." Mzee, ambaye kwa miaka 33 hakupokea agizo bila maandishi, aliziunga kwa gundi, akazikaza kwenye fremu kwa skrubu pande zote nne, akapaka vanishi mikono mitatu. Ilikuwa meza nzuri. Hata wao walisema.

Dodoma ni kukavu. Agosti binti alipiga simu. "Shikamoo baba. Meza imelia usiku."

"Imelia?"

"Pa! Kama bunduki. Mlinzi alikuja."

Banda zima lilijua jibu kabla hajamaliza kusimulia. Mbao ikikauka hupungua upana, urefu karibu haubadiliki. Meza ya sentimita 60 ikipungua asilimia 1 tu, imepoteza milimita 6, na milimita hizo lazima zitoke mahali fulani. Fundi wa Keko hutoboa matundu marefu kwenye fremu ili skrubu ipate pa kutembea. Mkaguzi alikuwa amezibana pande zote kama hesabu za halmashauri, na msonobari ukatafuta njia yake katikati.

Siku zilizofuata alikamatwa nyumbani na kosa jipya. Alikuwa amesoma kwamba maji ya ubao hupimwa kwa mizani: unapima kipande, unakikausha kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi kisipungue tena, kisha unagawa uzito uliopotea kwa uzito uliobaki. Gramu 130 zikiwa 100, ubao ulikuwa na maji asilimia 30, wakati meza ya ndani inataka kama 12. Mkewe alifungua oveni akitafuta keki ya kipaimara cha mjukuu, akakuta vipande sita vya msonobari vimepangwa kwenye trei, kila kimoja na namba yake. Mizani ya jikoni ilihamia Keko jioni hiyohiyo, pamoja na mwenyewe.

Meza ilirudi kwa basi, na kondakta aliitoza nauli ya mtu mzima. Mzee alitaka kuichana iwe kuni. Mafundi wakakataa. Iko bandani sasa, kwenye kona ya futi sita kwa nane, chupa ya chai juu yake upande mmoja na sahani ya maandazi upande wa pili. Ule ufa wa katikati una upana wa kusimamisha daftari la LUKU wima bila kuegemea kitu.

Juzi kijana wa simu alilichomoa, akahesabu kwa kidole.

"Shikamoo mzee. Zimebaki uniti nne."

"Marahaba," akasema mzee, akatoa simu mfukoni.