Barua ya Wazi kwa Wizara ya Fedha ya Marekani

Mheshimiwa Waziri,
Washington, D.C.

YAH: UJIRA WA UDALALI MNAOUDAI BEIJING

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa uchungu wa mtu anayeona wenzake wanafanya kazi bure. Oktoba 2015 China ilizindua CIPS, mfumo wake wa malipo ya kimataifa kwa yuan. Wateja hawakuwa na haraka nao. Nani aache dola inayopokelewa kila bandari, akimbilie sarafu ambayo Beijing yenyewe inaibana isitoke nje ovyo? Walihitaji dalali mwenye sauti nzito. Mkajitokeza ninyi, tena bila kuombwa.

Mlikwisha kupasha moto mwaka 2014, BNP Paribas ya Ufaransa ilipokubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa miamala ya Sudan, Iran na Cuba, nchi mlizoziwekea vikwazo. Benki ni ya Paris, lakini dola zake zilipita New York, na apitaye New York yumo mikononi mwenu. Mabenki ya dunia nzima yalilielewa tangazo hilo bila mkalimani.

Mwaka 2018 mkaitoa Marekani katika makubaliano ya nyuklia na Iran, mkairudishia vikwazo. SWIFT, mtandao wa ujumbe wa malipo baina ya benki wenye makao La Hulpe, Ubelgiji, ukazifungia benki za Iran. Wazungu wa Ulaya walinuna hadi wakaunda chombo chao, INSTEX. Kikapitisha malipo ya vifaa vya tiba mwaka 2020, kisha kikafungwa 2023. (Hao ni marafiki zenu, nao wameshindwa kuwauzia Wairani dawa kwa raha.)

Lakini kazi yenu bora ni ya 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine, ninyi na washirika wenu mlizuia takriban dola bilioni 300 za benki kuu yake. Uvamizi ule hauna utetezi, wala siutetei. Ila kila gavana wa benki kuu usiku ule alijiuliza akiba yake imelala wapi, na kwa nani. Leo Urusi na China hulipana zaidi kwa rubli na yuan. Novemba 2024 Donald Trump, akisubiri kuapishwa, akayatishia mataifa ya kundi la BRICS, China na Urusi zikiwamo, ushuru wa asilimia 100 yakithubutu kutafuta mbadala wa dola. Sijapata kumwona dalali anayewafukuza wateja wa tajiri wake wa sasa kwa bidii namna hiyo.

Hata Kenya imo daftarini: mwaka 2025 iligeuza mikopo ya reli ya SGR kutoka dola kuwa yuan. Sababu ilikuwa riba, si siasa, lakini dalali mzoefu huandika kila anayepita mlangoni.

Msidhani nawapigia debe Wachina. CIPS yenyewe bado huazima ujumbe wa SWIFT katika sehemu ya kazi zake, na siku Beijing ikishika ufunguo wote, sioni kwa nini itakuwa na huruma kuliko ninyi. Tena dola bado ni zaidi ya nusu ya akiba za fedha za kigeni za benki kuu duniani, ingawa mwaka 2000 ilizidi asilimia 70.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou hana ugomvi na Tehran wala Moscow. Mara nyingi shilingi yake hugeuzwa dola kwanza, ndipo iwe yuan, na kila kituo hukata chake. Afrika nayo ilizindua PAPSS, mfumo wake wa malipo, mwaka 2022 ili tulipane kwa sarafu zetu. Ikishika kasi, tafadhali msije mkadai udalali na huko.

Ombi langu ni fupi. Ama mdai ujira wenu Beijing mapema, ama mtenganishe njia ya malipo na fimbo ya vikwazo. Yote mawili yakiwashinda, basi tutangazieni mnaokusudia kuwafungia mwakani, ili watu wetu wajue waagize mzigo wa Idi kwa sarafu gani.

Wenu katika ujenzi wa mataifa,
Mtumiaji wa dola, Dar es Salaam