Namna ya Kuwa Bingwa wa Maua Temeke Wakati wa Kipupwe

Masika yamekwisha, kusi inavuma, na alfajiri Mbagala watu wanagombea daladala wamevaa makoti ya mtumba kutoka Tandika, eti baridi: nyuzi 19. (Ndugu zetu wa Makete, msicheke kwa sauti.) Huu ndio msimu wa kujipatia jina kwa maua.

Anza na bogenvilia. Ichomeke ukutani panapopigwa jua kutwa. Mchanga wetu huu huu inauweza. Kisha isahau. Hapa ndipo wenye bidii huharibu kazi. Ukiimwagilia kila jioni, itakulipa kwa majani na miba. Ikikaa na kiu, inafumuka zambarau na nyekundu mpaka bodaboda wanapunguza mwendo. Kwa hiyo bomba likikauka wiki nzima, acha kulalamika. Sema uko kwenye ratiba ya umwagiliaji. Madumu uliyonunua kwa mwenye mkokoteni ni ya kuogea na kupikia. Mama mwenye nyumba akikukuta unayamwaga kwenye shina, hakuna ua litakalokuokoa.

Jirani akipita akasifu, mkatize kwa upole: "Hayo si maua, dada yangu, ni majani." Wala hutakuwa umedanganya. Rangi yote ile ni ya majani yaliyogeuka sura. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Ukiona ameduwaa, mwongezee kwamba mmea asili yake ni Amerika Kusini, na jina ni la Bougainville, baharia Mfaransa wa karne ya 18. Ishia hapo, la sivyo ataomba tawi la kwenda kupanda, na mabingwa wa mtaa hawawezi kuwa wawili.

Maonyesho ya Sabasaba yakifunguliwa pale Barabara ya Kilwa, jikaze ununue mche wa waridi. Uweke kwenye ndoo tupu ya rangi na uupige picha siku hiyo hiyo, maana Nanenane huenda usiione. Uzungushie chandarua kuukuu. Hakitawazuia kuku, ila kitaonyesha kwamba ulijitahidi.

Halafu kuna kale kaua ka pinki kalikojiotea kwenye ufa wa saruji, karibu na choo, kanakochanua mvua ikinyesha na isiponyesha. Watu wanakakanyaga. Kumbe asili yake Madagaska, na kwenye kaua hako ndimo ilimopatikana vinkristini, dawa inayotumika kutibu saratani ya damu kwa watoto. Kwa hiyo kasogezee matofali mawili, kaonekane kamepangiwa mahali. Asikatafune mtu lakini. Kana sumu, na hiyo dawa ni kazi ya maabara, siyo ya sufuria. Mgeni akiuliza nani alikapanda, kohoa kidogo, kisha anza kumweleza bei ya samadi.