Mtandao wa Puto

Mtu wa mjini akikosa intaneti dakika tano, hugomba. Wa kijijini hupanda kichuguu, akainua simu juu kama anayeomba mvua.

Basi Julai 2020 mbingu zikajibu. Kampuni ya Loon, ndugu yake Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ikaleta maputo: kila moja ukubwa wake kama uwanja wa tenisi, likielea kilomita 20 hivi angani, likila jua na kumwaga 4G. Eneo lililolengwa lilikaribia kilomita za mraba 50,000. Viongozi wakapiga makofi, wakitazama juu.

Huko chini, mwazie nyanya akifungua leso na kutoa simu yake ya kabambe, ile yenye tochi, iliyofungwa mpira ili betri isidondoke.

"Nyanya, hiyo haishiki 4G."

"Basi liambieni hilo puto lishuke kidogo, nami nisogee kidogo."

Halikushuka. Gharama nazo hazikushuka: Januari 2021 Loon wenyewe wakakiri biashara haijibu, wakafunga virago. Nyanya hakuhisi tofauti yoyote.

Wataalamu wetu wapendwa, mkija tena na chombo kingine cha angani, karibuni sana. Ila kabla hamjakirusha, piteni kwanza dukani kwa mwenye sola, pale watu wanapolipia kuchaji simu. Tazameni simu zilizopangwa juu ya meza. Mkishazihesabu za tochi, ndipo mtazame juu.