Sifa za Birika Linalozima Nyumba

Watu huisifu taa kwa kuwaka kwake na jokofu kwa baridi yake, lakini sijapata kusikia mtu akilifanyia insafu birika la stima ambalo, kila litiwapo katika soketi, huiacha nyumba nzima gizani. Na kwa kuwa baridi ya alfajiri ya Kitale, mji ulioinuka mita 1,900 hivi kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, imenifanya niwe mtumwa wa chombo hiki, naona ni wajibu wangu kuzitangaza fadhila zake kabla hakijatupwa jalalani.

Tazama jaha yake. Kaskazini ya mji, katika korongo la mto Turkwel, wahandisi walijenga bwawa na mitambo ya megawati 106 iliyoanza kutoa stima mwaka 1991, na nguvu hizo pamoja na za mabwawa mengine, zikisha kuvuka milima na mashamba ya mahindi, husimama mlangoni pa jikoni kungojea idhini ya birika. Wala halihitaji kishindo. Birika la wati 2,000 katika volti 240 hunywa ampea 8 na zaidi, na breka haikasiriki kwa hizo. Hulinganisha tu stima iendayo na irudiyo, kama karani wa duka na fedha za kasha lake, na ikipungua miliampea 30, hufunga duka.

Hapo jamaa wasiojua hata idadi ya soketi zao huzizunguka zote wakichomoa pasi, redio na jokofu, kisha huirudisha breka na kuvichomeka kimoja kimoja, mpaka mtuhumiwa adhihirike. Na akisha kudhihirika huwa na ujanja wa ziada: aweza kuiangusha breka hali swichi ya soketi imezimwa, kwa sababu swichi hiyo mara nyingi hukata waya wa moto peke yake, na nyutro ikigusana na erthi ndani ya birika, maadamu vyombo vingine vinatumia stima, hesabu huharibika vile vile. Siri yenyewe imo ndani ya elementi, ambamo waya upashao moto umezungukwa na unga wa oksidi ya magnesiamu, uzuiao stima na kupitisha joto, ila una uchu wa unyevu. Bomba lake likipata ufa, unga hunywa maji, na stima ikapata njia ya kuvujia.

Shemeji yangu wa Bungoma aliyasikia masaibu haya, akacheka, akalitwaa birika akaenda nalo kwake, na kule likachemsha chai asubuhi na jioni bila kuzima hata taa moja, akatuletea salamu kwamba ubaya ulikuwa wa stima ya Kitale. Kumbe nyumba ile ya zamani haikuwa na breka ya namna hiyo, na waya wake wa erthi uliishia ukutani. Stima iliyovuja, kwa kukosa njia, ilikaa katika mwili wa birika ikingojea mkono wa mtu, na testa ya fundi ilipougusa mwili huo, iliwaka. Chombo kilichoitwa fisadi kwa kusema kweli kilikuwa kimeandaliwa sinia kwa kunyamaza.

Shemeji, ambaye ni mtu wa haki, alitia breka, akachimbia ardhini nondo ya shaba, na birika akalitoa nje. Jioni ile ile nyumba ikazima. Sasa wanaihoji pasi, ambayo imetumika miaka mingi bila lawama.